Mkutano wa kuacha pombe: unautafutaje, na ukifika unakuta nini?

"Si uende tu kwenye kikundi?" Ushauri huu hutolewa upesi siku hizi, hasa inapovuma habari ya mtu maarufu aliyekiri kwamba pombe imemshinda. Anayeutoa huwa na nia njema. Lakini mwulize ni kikundi kipi, kinakutana wapi, na mtu akishaingia mlangoni anafanya nini, utamwona anaanza kuzungukazunguka. Kuna wanaodhani kikundi ni hospitali, na kuna wanaodhani ni nyumba ya kulala miezi mitatu chini ya ulinzi. Wengine wanaamini ni ibada iliyofichwa chini ya jina jingine, na wengine wanaogopa kwamba huko majina ya walevi huandikwa na kupelekwa kwa mwajiri.

Tutenganishe mambo kwanza. Uraibu wa pombe ni hali ambayo mtu ameshindwa kuutawala unywaji wake hata pale anapoona wazi unavyomharibia afya, kazi na nyumba. Ni tatizo la kiafya linalotambuliwa na madaktari, na si la watu wachache: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 400 duniani walikuwa na matatizo ya kiafya ya unywaji, na milioni 209 kati yao walikuwa wamefikia kuitegemea pombe kabisa. Misaada iliyopo ni ya aina kadhaa, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Kuna matibabu ya siku za mwanzo, yanayofanywa na wahudumu wa afya wakati mwili unaachana na pombe. Kuna nyumba za soba, ambako mtu huishi kwa muda mbali na mazingira ya kunywa. Kuna ushauri nasaha, ambapo mtu hukaa na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo. Halafu kuna kikundi cha kusaidiana: watu wenye tatizo moja wanaokutana mara kwa mara ili wasirudi kunywa. Humo hakuna daktari wala mgonjwa, hakuna cheti, na kwa kawaida hakuna ada. Mkutano wao huchukua saa moja au saa moja na nusu, kisha kila mtu anarudi kwake.

Makala haya yanahusu hicho cha mwisho. Kukipata si kazi kubwa kama watu wanavyofikiri. Ugumu ni kwamba wengi hukitafuta kama mtu anayetafuta ofisi: wanataka anwani moja, wafike mara moja, wapate huduma au waikose. Kumbe unachotafuta ni watu, na watu huwezi kuwapima kwa kuwaona siku moja.

Kabla ya hapo, tahadhari moja ambayo ningependa isirukwe. Kwa mtu anayekunywa sana kila siku, kuacha ghafla akiwa peke yake kunaweza kumuua. Pombe hupunguza mwendo wa ubongo, na ubongo uliozoea kupunguzwa hujibu kwa kujiongezea kasi ili uweze kufanya kazi. Pombe ikikatika, kasi ile inabaki bila breki. Arosto ya pombe huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya tone la mwisho: mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi unapotea, moyo unakwenda mbio. Ndani ya siku mbili za kwanza baadhi ya watu hupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huingia katika hali mbaya zaidi ya kuchanganyikiwa, homa, na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo isipotibiwa inaweza kukatisha maisha. Kwa hiyo kama asubuhi huwezi kushika kikombe mpaka uzimue, au kama umewahi kuanguka kwa degedege ulipojaribu kuacha, anza kwa daktari. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo salama. Mtu anayekuambia ni suala la kujikaza tu hajui anachosema, hata kama yeye mwenyewe alijikaza akafaulu.

Sasa tuje kwenye vikundi vyenyewe. Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, ambacho wengi wanakiita AA. Kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, na namna kilivyoanza inahusiana moja kwa moja na hili la kutafuta. Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York aliyekuwa na miezi michache tu bila pombe, alikwenda Akron kwa biashara ikamharibikia. Akajikuta kwenye ukumbi wa hoteli, pesa hana, baa iko hapo karibu. Badala ya kuingia baa alikwenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa ya mji ule akiuliza kama kuna mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye. Mchungaji mmoja akampa majina, na kupitia majina hayo akampata mama aitwaye Henrietta Seiberling, ambaye ndiye aliyemkutanisha na daktari wa upasuaji, Bob Smith, mlevi aliyekuwa amejaribu kila njia. Daktari alikubali kumpa mgeni robo saa tu. Walikaa saa kadhaa. Tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo Dk. Bob alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA. Mkutano wa kwanza, kwa maneno mengine, ulipatikana kwa mtu kuwapigia simu watu asiowajua.

Leo vikundi vya AA viko katika nchi takriban 180. Vinafuata Hatua Kumi na Mbili, ambazo ni mpango wa mtu kukiri kwamba ameshindwa, kujichunguza, kurekebisha aliyowakosea wengine, kisha kuwasaidia walio nyuma yake. Sharti la kujiunga ni moja: kutaka kuacha kunywa. Hujaambiwa uwe umeacha, umeambiwa uwe unataka. Tofauti hiyo ndogo imewapotezea watu wengi miaka, kwa sababu wanangoja wapate nafuu kwanza ndipo waende wakiwa wasafi.

AA si peke yake. SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, haitumii hatua wala haizungumzii imani. Inafundisha mbinu zinazotokana na tiba ya saikolojia: namna ya kuikabili hamu inapopanda, namna ya kuyahoji mawazo yanayokuvuta kwenye chupa. Mikutano yake ina mwezeshaji aliyepata mafunzo, na watu wanaruhusiwa kujibizana na kushauriana, jambo ambalo katika AA kwa kawaida halifanywi. Women for Sobriety ilianzishwa miaka ya 1970 na Jean Kirkpatrick, aliyeona kwamba wanawake wengi walihitaji kujengwa heshima yao waliyokwisha kuvunjwa, si kunyenyekezwa zaidi. Recovery Dharma inatumia mafundisho ya Kibudha na tahajudi, yaani kukaa kimya na kutuliza akili. Celebrate Recovery ni ya Kikristo waziwazi. Blue Cross, iliyoanzia Geneva mwaka 1877, ni ya zamani kuliko hizo zote na bado ipo katika nchi kadhaa. Mahali pengine kuna vikundi vinavyoendeshwa na hospitali au kituo cha afya bila jina lolote kubwa.

Je, vinafanya kazi? Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane, inayojulikana kwa kuchambua tafiti za tiba, ilitoa uchambuzi wa tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565. Walioelekezwa kwenye AA kwa utaratibu maalumu wa kitabibu, asilimia 42 walikuwa bado hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 35 ya waliopata tiba nyingine zinazokubalika. Zisome tarakimu hizo polepole. Zinasema njia hii si hadithi tu, na zinasema pia kwamba zaidi ya nusu hawakufika mwaka bila kunywa. Tena waliopimwa ni watu walioandaliwa na kufuatiliwa na wataalamu mpaka wakazoea mikutano, hawakuwa watu waliopita mara moja wakachungulia. Utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa 2018 ulilinganisha vikundi vya hatua kumi na mbili na vile visivyo vya kidini, ukakuta kwamba kilicholeta tofauti zaidi ni kiasi gani mtu amejihusisha na kikundi chake na kama lengo lake ni kuacha kabisa. Kwa maoni yangu, ubishi wa kikundi kipi ni bora una faida ndogo sana kwa mtu ambaye bado hajaingia hata kimoja.

Tuseme basi umeamua. Njia ya moja kwa moja ni tovuti rasmi ya shirika lenyewe, ambako kuna sehemu ya kutafuta mkutano kwa mahali, siku na saa. AA ina pia programu ya simu iitwayo Meeting Guide, ingawa haifanyi kazi katika kila nchi. Hapa kuna mtego. Ukiandika kwenye mtandao "msaada wa kuacha pombe", majibu ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya vituo vya kulipia, na baadhi ya namba zinazoitwa za msaada hupokewa na watu ambao kazi yao ni kukuuzia kitanda. Dalili yake ni rahisi: wakianza kukuuliza bima yako au uwezo wako wa kulipa kabla hawajakuuliza hali yako, hicho si kikundi cha kusaidiana. Njia nyingine ni kumuuliza daktari, muuguzi, mhudumu wa afya ya akili, au kiongozi wa dini, kwa kuwa mikutano mingi hufanyika kwenye vyumba vilivyoazimwa kanisani, hospitalini au kwenye kumbi za jamii, na wenye majengo wanajua ratiba hata kama wao si wanachama.

Kwenye orodha utakuta maneno yanayohitaji kueleweka. Mkutano wa wazi unamruhusu mtu yeyote, akiwemo ndugu, mwanafunzi au mdadisi tu. Mkutano wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe wenyewe, au wanaohisi huenda wanalo. Kuna mikutano ya wanaoanza, ya wanawake, ya vijana, ya wasiofuata dini. Katika mingine mtu mmoja hueleza maisha yake kwa kirefu, mingine ni mazungumzo ya duara, mingine ni kusoma na kujadili. Kwa anayeanza, ningechagua wa wanaoanza kama upo. Kama haupo, wa wazi wenye msimulizi mmoja, kwa sababu siku hiyo kazi yako itakuwa kusikiliza tu.

Usiende bila kupiga simu. Orodha huchakaa: chumba hubadilishwa, kikundi huvunjika, saa husogezwa. Na simu hiyo ina faida ya pili ambayo wengi hawaijui. Ukisema ni mara yako ya kwanza, mara nyingi yupo mwanachama atakayekubali kukungoja mlangoni. Kuingia chumba cha watu usiowajua ukiwa peke yako ni kitu kimoja, na kuingia ukiwa na mtu anayekungojea ni kitu kingine kabisa.

Ndani kuna nini? Viti, mara nyingi kwa duara au kwa safu. Mwenyekiti wa siku hiyo anafungua, yanasomwa maneno mafupi, kisha watu wanazungumza mmoja mmoja kwa majina yao ya kwanza. Katika AA ni kawaida mtu kujitambulisha kwa jina na kusema yeye ni mlevi. Wewe hulazimiki. Unaweza kusema jina tu, au useme "leo nasikiliza", na zamu ikapita bila mtu kugeuka kukutazama. Mtu akizungumza hakatizwi wala hajibiwi, na wageni wengi hushangaa hapo, maana wamezoea kuhubiriwa kila wanapotaja pombe. Kikapu huzungushwa kwa ajili ya kodi ya chumba, na mgeni hatarajiwi kutoa. AA haipokei hata michango ya watu wasio wanachama. Mwishoni watu hubaki wakiongea na kubadilishana namba. Nakushauri usikimbilie mlango wakati huo, kwa kuwa dakika hizo kumi zina thamani kuliko nusu ya mkutano. Baadaye unaweza kupata sponsa, yaani mwanachama mzoefu, ambaye hupigiwa simu usiku hamu inapopanda. Ni jambo la hiari.

Kuhusu dini, jibu la kweli halinyooki. Hatua Kumi na Mbili zinamtaja Mungu, na mikutano mingine hufunga kwa sala. Lakini maandishi yenyewe yanamwachia kila mtu amwelewe kwa namna yake, na wapo wanachama wengi wasioamini kabisa. Kiasi cha dini kinategemea kikundi ulichokiingia. Sheria za mpira ni zilezile kila mahali, lakini timu mbili za mitaa jirani hazichezi mchezo mmoja. Na vikundi viwili vyenye jina moja, vinavyokutana jengo moja siku tofauti, vinaweza kuwa na hewa tofauti kabisa. Kimoja kikali, kingine cha vicheko. Kimoja cha wazee walioacha zamani, kingine cha watu walioacha wiki jana. Ndiyo maana ushauri wa wazoefu ni kuhudhuria mikutano kadhaa tofauti, sita hivi, kabla ya kuamua kwamba "mambo ya vikundi" hayakufai. Aliyeingia kimoja akakichukia amejua habari za kikundi kimoja.

Siri nayo ieleweke vizuri. Hakuna daftari la majina linalopelekwa popote, na desturi ni kwamba uliyemwona na uliyoyasikia yanabaki chumbani. Watu wengi huiheshimu desturi hiyo kwa sababu kila mmoja ana la kwake la kulindwa. Lakini ni ahadi ya watu, haina nguvu ya sheria kama siri ya daktari. Mambo yanayoweza kukupeleka mahakamani mweleze wakili au mtaalamu anayefungwa na kiapo cha kazi yake. Kwenye mikutano ya video, badilisha jina linaloonekana kwenye skrini, tumia vifaa vya masikioni, na kamera waweza kuizima. Waendeshaji wengi hawatakusumbua. Mikutano hiyo ya mtandaoni ipo saa zote za siku, kwa lugha nyingi, na kwa anayeishi mbali na kikundi chochote ndiyo mlango wa karibu zaidi. Na kama kweli hakuna kitu mahali ulipo, kumbuka wale wa Akron walikuwa wawili tu.

Dawa je? Uvumi kwamba vikundi vinakataza dawa umewaumiza watu. Kuna dawa zinazosaidia kutokunywa, kama naltreksoni, akamprosati na disulfiramu, na kuna watu wanaotumia dawa za sonona au za kifafa. Msimamo wa AA ni kwamba mwanachama hapaswi kucheza udaktari. Mtu mmojammoja kwenye kikundi anaweza kukuambia uzitupe. Msikilize kwa adabu, halafu umeze dawa zako.

Tahadhari nyingine: anayeingia hachujwi. Kwa hiyo wapo, wachache, wanaomnyemelea mgeni akiwa dhaifu, wakitaka mapenzi, mkopo au mteja wa biashara yao. Desturi nzuri ni sponsa kuwa wa jinsia yako, au kwa ujumla mtu ambaye hakutakuwa na mvuto wa kimapenzi kati yenu. Ukikutana na la kukutisha, mwambie mwenyekiti, na usipopata msaada hama. Kuhama kikundi si usaliti.

Ndugu wa mnywaji nao huuliza: nimpelekeje? Kwa kweli, hapelekwi. Unachoweza ni kutafuta ratiba, kujitolea kumsindikiza kwenye mkutano wa wazi, na kuchagua saa ambayo hajalewa kumwambia. Mengine ni yake. Lakini wewe una kikundi chako pia. Al-Anon ilianzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya familia na marafiki, na mmoja wa waanzilishi wake ni Lois Wilson, mke wa yule Bill. Alateen ikafuata kwa ajili ya vijana wanaoishi na mzazi mnywaji. Unaweza kwenda hata kama mgonjwa wako amekataa katakata, na wengi huko wako hivyo.

Mtu akinywa tena baada ya kujiunga, hafukuzwi. Anarudi, anasema imetokea, au hasemi siku hiyo. Jambo pekee linaloombwa katika mikutano mingi ni asiingie akivuruga kwa ulevi. Akikaa kimya hata akiwa amekunywa, kwa kawaida anaachwa akae. Akiwa katika zile dalili za hatari tulizozitaja juu, hospitali kwanza.

Na ukifika ukute mlango umefungwa, taa zimezimwa, hakuna mtu? Hutokea. Siku yenyewe ndiyo ya hatari, kwa sababu umejikaza kufika na sasa una kisingizio kizuri. Kabla hujatoka nyumbani, hifadhi kwenye simu vitu viwili: namba ya kikundi au ofisi yao, na kiungo cha mkutano wa video unaoanza ndani ya saa moja au mbili baada ya ule wa ana kwa ana. Ukikosa wa kwanza unaingia wa pili hapo hapo ulipo. Kesho yake iarifu ofisi kwamba mkutano ule haupo tena, ili waufute kwenye orodha kabla hajaja mwingine.